Barua Zinazochelewa: Muundo wa Riwaya ya Obasan

Sura ya kwanza ya Obasan, riwaya aliyoitoa Joy Kogawa mwaka 1981, inaanza kwa saa na tarehe: saa tatu na dakika tano usiku, 9 Agosti 1972. Mwanamke wa miaka 36 na mzee mmoja wako kwenye nyanda za nyasi za Alberta, magharibi ya Kanada. Mwanamke ni Naomi Nakane, mwalimu wa shule. Mzee ni Isamu, baba yake mkubwa, fundi wa mashua aliyeondolewa baharini miaka thelathini iliyopita. Wamekuwa wakija mahali hapa kila mwaka, mwezi huu huu, tangu 1954. Naomi anamuuliza kwa nini wanakuja. Mzee hatoi jibu la kueleweka. Anatazama nyasi zinavyolala na kuinuka kwa upepo, na ndani yake anaiona bahari. Wanakaa kidogo, kisha sura imekwisha.

Msomaji wa mara ya kwanza anaipita tarehe ile bila kusita. Ni tarehe tu. Lakini miaka 27 kamili kabla ya usiku huo, 9 Agosti 1945, bomu la atomiki liliangushwa Nagasaki. Riwaya haisemi hivyo hapo. Itakuja kusema karibu na mwisho wa sura zake 39, kupitia barua ya mtu ambaye hayupo tena. Kogawa hakuificha siri yake. Aliiandika waziwazi mlangoni na kutuacha tuingie bila kuiona. Naomi naye ameikanyaga kwa miguu yake kila Agosti kwa miaka 18 asijue anachokikanyaga.

Ninavyoisoma mimi, muundo wote wa Obasan umejengwa juu ya ucheleweshaji wa namna hii. Karibu kila andiko linalotokea ndani yake, iwe shajara, barua, kipande cha gazeti au waraka wa Bunge, ni andiko ambalo halikumfikia mlengwa wake kwa wakati. Linakaa kwenye bahasha, linakaa kwenye faili, linakaa kifuani mwa mtu mzima aliyeapa kutolisoma mbele ya watoto. Uhakiki mwingi umeielezea riwaya hii kama safari ya kutoka kimyani kwenda kwenye usemi, na ushahidi wa usomaji huo upo. Hata hivyo naona unaipunguza. Watu katika kitabu hiki wamesema, tena mapema na kwa ufasaha. Kilichokosekana ni sikio, na fani ya riwaya imepangwa ili msomaji alihisi pengo hilo mwilini mwake kabla ya kuelezwa.

Historia yenyewe inahitaji kuwekwa sawa kwanza, maana mara nyingi inasimuliwa kana kwamba ilikwisha na vita. Baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor mwezi Desemba 1941, serikali ya Kanada ilitumia Sheria ya Hatua za Vita kuwaondoa watu wa asili ya Kijapani zaidi ya 21,000 kutoka ukanda wa kilomita 160 wa pwani ya British Columbia. Wengi wao walikuwa wamezaliwa Kanada. Maelfu walirundikwa kwanza katika mabanda ya mifugo ya uwanja wa maonyesho wa Hastings Park, Vancouver, kisha wakapelekwa kwenye miji ya machimbo iliyokwisha kuhamwa huko milimani, Slocan ukiwa mmojawapo, au kwenye mashamba ya viazisukari ya Alberta na Manitoba. Mashua zao za uvuvi zilikamatwa. Kuanzia 1943 nyumba zao, ardhi yao na hata vyombo vya ndani vikauzwa na Msimamizi wa Mali za Adui bila ridhaa yao.

Hayo ni ya wakati wa vita. Ya wakati wa amani ni haya. Mwaka 1945 watu hao hao waliambiwa wachague: ama wahamie mashariki ya milima ya Rocky, ama wapelekwe Japani, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Karibu 4,000 walisafirishwa mwaka 1946. Tarehe 1 Januari 1947 Sheria ya Uraia wa Kanada ilianza kutumika, na siku mbili baadaye Waziri Mkuu Mackenzie King alipokea cheti cha kwanza cha uraia katika sherehe iliyofanyika kwenye Mahakama ya Juu, Ottawa. Siku hiyo mtu aliyezaliwa Vancouver kwa wazazi wa Kijapani alikuwa bado haruhusiwi kurudi kuishi Vancouver. Ruhusa ilikuja 1 Aprili 1949. Vita vilikuwa vimekwisha kwa zaidi ya miaka mitatu na nusu.

Miaka hiyo ndiyo ambayo Kanada ilikuwa ikijitafutia sura yake ya kitaifa kwa bidii kubwa. Mwaka 1945 Hugh MacLennan alitoa Two Solitudes, na jina la riwaya hiyo likageuka kuwa msemo wa kuieleza nchi yenye pande mbili, Waingereza na Wafaransa. Mwaka huo huo Gabrielle Roy alitoa Bonheur d'occasion, riwaya ya wafanyakazi maskini wa Montréal. Mwaka 1949 serikali iliunda Tume ya Massey ichunguze hali ya sanaa na utamaduni, na ripoti yake ya 1951 ilikuja kuzaa Baraza la Kanada la kufadhili wasanii mwaka 1957. Ni juhudi za kuheshimika, na fasihi ya Kanada inadaiwa nazo mengi. Lakini katika hesabu ya pande mbili, Naomi na watu wake hawakuwa hata salio. Kogawa mwenyewe alizaliwa Vancouver mwaka 1935 na utoto wake ukapitia Slocan na kisha Coaldale, Alberta. Alipoandika Obasan alikuwa anaandika riwaya ya baada ya vita iliyochelewa miaka zaidi ya thelathini.

Sasa turudi kwenye umbo. Wakati wa sasa wa riwaya ni mfupi mno: ni siku chache za Septemba 1972. Naomi anapigiwa simu shuleni, mzee Isamu amefariki. Anakwenda Granton, mji ambao Kogawa ameubuni, kukaa na mjane. Huyo ndiye Obasan, ambaye sisi tungemwita mama mkubwa wa Naomi. Ni kikongwe asiyesikia vizuri, asiyetupa kitu, anayejibu maswali kwa kuinamisha kichwa au kwa kumwekea mtu chai. Ndani ya nyumba hiyo kuna furushi la karatasi lililotumwa na Emily, mama mdogo wa Naomi, mwanaharakati anayeishi Toronto. Hakuna tukio kubwa zaidi ya hapo. Wanamngojea kaka yake Naomi, Stephen, na wanamngojea Emily, waje mazishini. Wakati wa kungoja, Naomi anafungua furushi.

Hivyo mbinu rejeshi katika riwaya hii haiji kwa hiari ya msimulizi. Inasukumwa na karatasi. Naomi hataki kukumbuka, anasema hivyo mara kadhaa kwa njia tofauti, lakini kila karatasi anayoishika inamlazimisha. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Msimulizi anayekumbuka kwa hiari yake ndiye anayemiliki mpangilio wa hadithi. Naomi hana mamlaka hayo. Mpangilio wa maisha yake umo katika jalada la mtu mwingine, kama vile mpangilio wa miji aliyoishi ulivyokuwa umo katika majalada ya Ottawa. Anayaishi maisha yake kwa mara ya pili kwa kufuata mafaili.

Andiko kubwa la kwanza ni shajara ya Emily, inayojaza sura ya 14, sura ndefu sana. Inaanza Krismasi ya 1941 na kuishia Mei 1942, miezi ambayo amri zilikuwa zinatoka moja baada ya nyingine. Emily anaiandika kama barua kwa dada yake, yaani mama yake Naomi, aliyesafiri kwenda Japani Septemba 1941 kumuuguza bibi yake na kukwama huko vita vilipolipuka. Chanzo cha sura hii kinajulikana. Kogawa alizisoma katika hifadhi ya nyaraka ya taifa barua za Muriel Kitagawa, mwandishi wa Kijapani wa Vancouver, alizomwandikia kaka yake aliyekuwa akisomea udaktari Toronto. Barua hizo zilikuja kuchapishwa kitabuni mwaka 1985. Mambo mengi ya sura ya 14 yametoka humo: hofu, uvumi, msongamano wa Hastings Park, hasira ya mtu aliyeamini kuwa yeye ni raia.

Tazama lakini Kogawa alichokibadilisha. Kaka wa Kitagawa alikuwa Toronto, posta ilifanya kazi, barua zilifika. Dada wa Emily yuko upande wa pili wa vita. Emily anajua kwamba anachokiandika hakitatumwa. Kwa badiliko hilo moja Kogawa amegeuza mawasiliano halisi kuwa usemi usio na msikilizaji. Kila Emily anapomwita dada yake kwa upendo, anapomweleza watoto wanaendeleaje, anapomuuliza maswali, tunasikia mlango uliofungwa. Na anayekuja kuisoma shajara hiyo miaka thelathini baadaye ni mtoto aliyekuwa akitajwa ndani yake. Naomi anajiona akiwa na miaka mitano, akitazamwa na mtu mzima mwenye wasiwasi. Anapokea barua isiyokuwa yake, inayomhusu yeye. Sijui mwandishi mwingine aliyetumia nyaraka za kumbukumbu kwa ujasiri wa namna hii, kwa kubadili si yaliyosemwa bali anayeambiwa.

Amri za serikali, kwa upande wao, hazichelewi hata siku moja. Katika riwaya yote barua za upendo ndizo zinazopotea, na barua za kuhamisha watu zinafika.

Kuna jambo jingine la kimuundo ambalo wasomaji hulipita. Katika riwaya nyingi za vita, mwisho wa vita ni kilele: kengele, kumbatio, mtu kurudi nyumbani. Katika Obasan mwisho wa vita hauna kilele. Unapita karibu bila kuonekana katika maisha ya mji wa milimani, na kinachoufuata ni amri nyingine ya kufungasha. Slocan, pamoja na ufukara wake, ilikuwa na msitu, ziwa, shule, majirani, bafu la pamoja ambamo wanawake walicheka. Mtoto aliweza kuipenda. Familia inaondolewa huko baada ya vita na kupelekwa Granton kulima viazisukari, na Granton ndipo riwaya inapofika chini kabisa. Kwa mpangilio huo Kogawa anatoa hoja ya kihistoria bila kuitamka: kwa watu hawa amani ilikuwa mbaya kuliko vita.

Sura ya 29 inastahili kusomwa polepole kuliko nyingine zote. Naomi anakuta kwenye faili la Emily kipande cha gazeti kuhusu wahamishwa wa Kijapani wa Alberta. Kuna picha ya familia imesimama kando ya rundo la viazisukari, wote wakitabasamu, na maelezo yanayosifu furaha yao na ubora wao kazini. Kuna takwimu za mavuno. Juu ya kabrasha Emily ameandika kwamba humo mna ukweli kuhusu wahamishwa. Ndipo Naomi, mwanamke ambaye hadi hapo amekuwa mpole hata katika mawazo yake, anamgeukia Emily moja kwa moja na kuanza kumjibu katika nafsi ya pili.

Anamweleza kibanda kilichokuwa makazi yao pembeni mwa shamba, kidogo kiasi kwamba kingewafaa kuku. Anamweleza vumbi lililoingia kila mahali, nzi, kunguni, joto la kiangazi lililofanya kibanda kuwa tanuri na barafu ya majira ya baridi iliyoganda upande wa ndani wa dirisha. Anamweleza maji yenye tope, na mistari ya viazisukari isiyo na mwisho, jembe la mkono, mgongo uliopinda, kupunguza miche, kupalilia, kurudi kwenye mstari mwingine. Sentensi zinakuwa fupi. Viunganishi vinapotea. Vitu vinafuatana bila sababu na matokeo, kwa sababu mtoto shambani hana sababu na matokeo, ana mstari huu na mstari ule. Hapa mtindo wa Kogawa, ambao kwingineko umejaa ndoto na taswira za jiwe na maji, unavuliwa mapambo yote. Hakuna ishara. Nzi ni nzi.

Uzito wa sura hii uko katika jinsi matini mbili zinavyowekwa ubavuni. Gazeti halikudanganya kwa takwimu. Viazisukari vilivunwa, watu walifanya kazi vizuri, pengine hata tabasamu lilikuwapo mpiga picha alipoliomba. Ukweli wa gazeti ni kweli kwa kila kipande na uongo kwa ujumla wake. Naomi hajaribu kuukanusha kwa takwimu nyingine. Anauweka mwili wake mbele yake. Na cha ajabu zaidi, hasira yake haimwelekei mwandishi wa gazeti. Inamwelekea Emily, mtu wake mwenyewe, anayepigania haki yake, kwa sababu Emily anataka kumbukumbu kama vile mpasuaji anavyoutaka mwili mezani. Kogawa anakubali kwamba hata yule anayetetea anaweza kuuliza bila kusikia. Si waandishi wengi wenye msimamo wa kisiasa wanaothubutu kumpa msimulizi wao haki ya kumkasirikia mwanaharakati.

Naweka hapa pia lawama niliyo nayo. Emily mara nyingine anageuzwa kipaza sauti. Anapozungumza na Naomi jikoni au garini, hotuba zake zina ukamilifu wa makala iliyohaririwa, na mazungumzo yanapoteza pumzi. Ndoto za Naomi nazo, zenye misitu, askari na wanawake waliokatwa viungo, zimebebeshwa ishara kuliko zinavyoweza kubeba. Ukilinganisha na nzi wa sura ya 29, zinaonekana kujitahidi. Riwaya ina nguvu zaidi inapoamini vitu vya kawaida. Mkate mgumu kama jiwe ambao Isamu alikuwa akiuoka, usioliwa na mtu ila yeye, unasema zaidi juu ya uhamisho kuliko ndoto yoyote.

Riwaya hii pia haikigeuzi kimya kuwa adui. Sehemu inayonithibitishia hilo ni tukio dogo la utotoni, kabla ya vita, katika nyumba ya Vancouver. Naomi anaviweka vifaranga vya manjano kwenye kibanda cha kuku mweupe, na kuku anaanza kuvidonoa hadi kuua. Mtoto anamkimbilia mama. Mama anatoka, anaingiza mkono, anavitoa vifaranga kimoja kimoja, vilivyo hai na vilivyokufa, bila kupiga kelele, bila kumlaumu mtoto. Hamwulizi chochote. Naomi anajua kwamba ameeleweka. Wahakiki wameona katika rangi za kuku na vifaranga ishara ya rangi za watu, na sidhani kama wamekosea. Mimi navutiwa na mwendo wa mikono ya mama. Ni kimya kinachosikia kila kitu. Kogawa anatuonyesha kimya cha namna hiyo mapema ili baadaye, kimya kinapoanza kuua, tujue kwamba si kitu kimoja kile kile.

Kwa maana kimya kinaua pia. Mara baada ya tukio hilo anakuja jirani Mzungu, mzee Gower, anayemdhulumu mtoto kimwili na kumwamuru asimwambie mama. Siri hiyo inaingia kati yao, na mama anaposafiri muda mfupi baadaye, mtoto anazifunga hizo mbili pamoja: siri imemfukuza mama. Waswahili tunasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na methali hiyo inatarajia mlipuko, siku ambayo aliyenyamaza atasikika. Kimya cha Obasan hakina mshindo. Hata baada ya kufiwa na mumewe, kikongwe yule bado anakunja karatasi za kufungia vitu na kuhifadhi mabaki ya chakula. Kinachobadilika ni kwamba mtu mwingine anakuja hatimaye kusoma.

Kusoma huko kunatokea jioni moja, watu wakiwa wamekaa sebuleni. Katika furushi la Emily kuna barua za Kijapani zilizoandikwa kwenye karatasi nyembamba, ambazo Naomi hawezi kuzisoma. Amezishika tangu mwanzo wa kitabu. Aliwahi kumwonyesha Obasan, hakupata jibu. Sisi pia tumezishika kwa muda wote huo. Taharuki ya riwaya ni bahasha iliyo mikononi mwetu tayari. Kasisi wa Kianglikana wa familia, Nakayama-sensei, ndiye anayezifungua na kuzisoma kwa sauti. Ni barua ya bibi yao mzaa mama, iliyoandikwa 1949, miaka minne baada ya bomu. Anaeleza jinsi yeye na binti yake walivyokuwa Nagasaki, aliyoyaona barabarani, na jinsi alivyomkuta mama yake Naomi akiwa hai lakini uso umeharibika, uso ambao baadaye aliufunika kwa kitambaa. Mama aliomba jambo moja: watoto wasiambiwe.

Angalia tena miaka. Barua ni ya 1949, mwaka ule ule ambao Wakanada wa asili ya Kijapani waliruhusiwa kurudi pwani. Mlango mmoja unafunguliwa na serikali na mwingine unafungwa na familia. Watu wazima walijua. Isamu alijua, ndiyo maana tangu 1954, baada ya ziara ya Emily, akawa anampeleka Naomi kwenye nyasi zile kila Agosti. Ile ilikuwa namna yake ya kumwambia. Kwa miaka 18 alikuwa akimsomea barua kwa miguu, kwa tarehe, kwa kutazama upande wa bahari, na akaona kila mwaka kwamba mtoto bado ni mdogo mno, hata alipofika miaka 36. Sura ya kwanza, tukiirudia sasa, si ile tuliyoisoma. Ukwepaji wa mzee ulikuwa jibu, na swali la Naomi ndilo lililokosa masikio. Naona hapa ndipo ufundi wa Kogawa unapofikia ukamilifu wake: amemfanya msomaji akose kusikia, kisha akampa nafasi ya kugundua hilo bila kumsuta.

Baada ya barua, Naomi anasema na mama yake aliyekufa, kwa nathari iliyo karibu na sala, na katika sura ya 39 anarudi peke yake kwenye nyanda zile kabla ya jua, akiwa amevaa koti la Emily. Mwandishi mwingine angeishia hapo. Ni mwisho mzuri, wenye maji, harufu ya maua ya porini na upatanisho. Kogawa anafungua ukurasa mwingine na kuweka dondoo la waraka uliopelekwa mabunge yote mawili ya Kanada na Kamati ya Ushirikiano kuhusu Wakanada wa Asili ya Kijapani, mwezi Aprili 1946. Hoja zake zinafuatana kwa utaratibu wa kisheria: kufukuza raia ni makosa, ni kinyume cha sheria za mataifa, kunaibomoa maana ya uraia kwa kila mtu. Lugha ni kavu. Hakuna sauti ya Naomi, hakuna neno la kuufungia.

Wapo wanaouona waraka huo kama kiambatisho, kitu cha kurukwa. Mimi nauona kuwa sura ya mwisho ya riwaya, na isingefaa kuwa kitu kingine. Kwanza, unatuondoa 1972 na kuturudisha 1946, ili neno la mwisho liwe la miaka ile ya mara baada ya vita, siyo la uponyaji wa baadaye. Pili, unavunja dhana kwamba tatizo lilikuwa watu kunyamaza. Hoja ambayo Emily anaipigania 1972 ilikuwa imekwisha kusemwa yote. Mambo yaliyofuata yanajulikana: mwezi Desemba 1946 Baraza la Faragha huko London likaamua kwamba amri za kuwafukuza zilikuwa halali, na ingawa kelele za umma ziliifanya serikali iziondoe Januari 1947, karibu watu 4,000 walikwisha kwenda. Tatu, unafanana kwa umbo na maandishi mengine yote ya kitabu: ni barua, ina mlengwa, na mlengwa hakusikia kwa wakati. Bunge lilikuja kusikia miongo minne baadaye. Tarehe 22 Septemba 1988 Waziri Mkuu Brian Mulroney aliomba radhi kwa niaba ya nchi, na kila manusura akapewa dola 21,000. Siku hiyo bungeni kiongozi wa chama cha NDP, Ed Broadbent, alisoma kipande cha Obasan. Kogawa hakuweza kulijua hilo alipokuwa akiandika. Alipouweka waraka mwishoni, haki ilikuwa bado haijatendeka, na mwisho wa kitabu uliachwa wazi kwa kuwa historia yenyewe ilikuwa wazi.

Linabaki swali la sahihi. Waraka umetiwa sahihi na wanaume watatu Wazungu, mmoja wao mwanasheria Andrew Brewin, aliyelipeleka suala hilo pia mahakamani. Lawama iliyotolewa ni kwamba riwaya ya wanawake wa Kijapani inakabidhi neno lake la mwisho kwa wanaume hao. Ni lawama nzito na siwezi kuipuuza, hasa kwa kuwa vijana wa Kijapani wa Toronto walikuwa na kamati yao iliyofanya kazi bega kwa bega na hiyo, nayo haionekani ukurasani. Lakini sahihi hizo zinafanya kazi ambayo jina la Emily lisingeweza kuifanya. Sauti ya Emily ingeweza kuwekwa kando kwa urahisi, kuwa ni malalamiko ya wahusika wenyewe. Majina haya matatu yanaonyesha kwamba mwezi Aprili 1946 jambo zima lilikuwa mezani mbele ya wabunge, kwa Kiingereza cha kisheria, kutoka kwa watu waliozoea kusikilizwa, wiki chache kabla ya meli ya kwanza kung'oa nanga kuelekea Japani mwishoni mwa Mei.